Nani Alimpiga Kalamu Karega?

Muulize mtu yeyote aliyesoma Petals of Blood kitabu kinahusu nini. Atakwambia ni Wanja. Ama atakwambia ni uhuru ulioliwa na wachache, ni ile nyumba iliyochomwa na matajiri watatu ndani. Yule aliyekisomea chuo kikuu atakuongezea neno Umaksi na kukutazama kama anayekudai. Mimi nimekisoma mara tatu, ya mwisho ikiwa baada ya Ngũgĩ kufariki Mei 2025, na kila nikikirudia jambo moja linanikaba zaidi. Katikati ya riwaya hiyo kuna mwalimu anayefutwa kazi. Anafutwa kimya kimya, bila mtu kugonga meza, na kitabu kizima kinageuka hapo. Halafu sisi wasomaji tunampita kama matatu inavyopita steji isiyo na abiria.

Kwa wale ambao hawajakisoma, ama walikisoma kwa muhtasari wa YouTube usiku wa kuamkia mtihani (siwahukumu), hadithi kwa ufupi ni hii. Munira, mtoto wa tajiri mcha Mungu, anaenda kufundisha Ilmorog, kijiji kikavu ambacho walimu wengine wamekihepa. Anamkuta Abdulla, mwenye duka na baa, aliyeacha mguu mmoja katika vita vya msituni. Anamkuta Wanja, aliyerudi kwa nyanyake baada ya mji kumtenda. Kisha anaingia Karega, kijana aliyefukuzwa shule ya Siriana kwa sababu ya mgomo. Miaka mingi baadaye Ilmorog imekuwa mji, kuna barabara kuu na kiwanda cha pombe, na wakurugenzi watatu wa kiwanda hicho wameteketea nyumbani kwa Wanja. Polisi wanakamata watu, na riwaya inarudi nyuma kutafuta nani aliwasha kiberiti.

Sasa angalia jinsi Karega alivyopata kazi, kwa sababu namna mtu anavyoingia kazini mara nyingi ndiyo namna atakavyotolewa. Munira amechoka kufundisha peke yake. Anaenda Ruwa-ini kwa afisa wa elimu, Mzigo, kuomba walimu. (Mzigo! Ngũgĩ hakuwa na subira na wahusika wa aina hii, anakupa jina na unajua mtu.) Afisa anaahidi kuja kukagua shule siku moja, lakini barabara ile na gari lake, wewe unaelewa. Walimu hana. Kinachotoka hapo ni ruhusa tu: Munira ajitafutie UT.

Kama umezaliwa baada ya 2000 pengine herufi hizo hazikwambii kitu. UT alikuwa mwalimu ambaye hakupitia chuo cha ualimu, aliyeitwa kuziba pengo kwa mshahara mdogo. Wazazi wetu wengi walifunzwa kusoma na UT, na ukiwauliza mwalimu gani hawatamsahau, usishangae wakitaja mmoja wao. Karega ni UT. Hakuna tume iliyomhoji na hakuna barua ya kuthibitishwa inayomngoja mbele. Amepata kazi kwa sababu hedimasta alimkubali, na siku hedimasta akiacha kumkubali, kazi nayo imekwisha.

Na hivyo ndivyo inavyokuwa. Karega na Wanja wanapendana. Munira anamtaka Wanja, tena kuna kidonda cha zamani: dadake Munira aliyejiua alikuwa mpenzi wa Karega. Munira hampigi Karega ngumi. Anafanya kile ambacho mtu mwenye cheo kidogo huweza kufanya, anatumia ofisi. Kupitia kwa Mzigo, Karega anaondolewa shuleni, naye anaondoka Ilmorog. Anazunguka nchi kwa miaka kadhaa akifanya vibarua, na anaporudi hashiki tena chaki. Anarudi kama mfanyakazi wa kiwanda na mpangaji wa chama cha wafanyakazi.

Wahakiki wanapofika hapa huwa na haraka ya kumfikisha Karega kwenye chama. Naelewa, huko ndiko kitabu kinakotaka twende. Kufutwa kazi kunachukuliwa kama daraja: ilibidi aondoke shuleni ili aone ulimwengu, ili awe mwanamapinduzi. Ukisoma hivyo, Munira amemsaidia. Mimi usomaji huo unaniudhi, kwa sababu unafanya kile ambacho kila bosi hufanya baada ya kumtimua mtu: "Aah, lakini ona vile maisha yake yalifunguka."

Munira mwenyewe ni mwalimu wa aina gani? Kuna tukio moja mapema kwenye riwaya ambamo jina la kitabu linatamkwa. Munira anawatoa wanafunzi nje, somo la mimea. Mtoto mmoja anaokota ua na kulieleza kwa maneno yake, kwamba petali zake ni za damu. Munira anamsahihisha: hakuna rangi inayoitwa damu, sema nyekundu. Wanaendelea. Wanakuta ua lililoliwa na mdudu, na watoto wanaanza kuuliza maswali, kwa nini vitu hulana, kwa nini Mungu anakubali hivyo. Munira anatokwa na jasho. Anawarudisha ndani na kujiapiza kwamba hatawatoa nje tena. Darasani, kati ya kuta nne, yuko salama.

Mimi nadhani huo ndio ukurasa mkali zaidi kuhusu ualimu kuwahi kuandikwa na Mkenya, na sababu ni kwamba Munira si mwalimu mvivu siku hiyo. Amefika kazini, amepanga somo, ametoa istilahi sahihi. Ukimpima kwa fomu, anapita. Shida yake ni woga, na kwenye fomu hakuna kisanduku cha woga. Mtoto aliyesahihishwa ndiye aliyetamka jina la kitabu, na mwalimu hakumsikia.

Wanakijiji nao walikuwa na mbinu yao ya tathmini. Munira alipofika Ilmorog, bibi mmoja mzee alikuja kwenye uwanja wa shule na kujisaidia hapo, mlima wa choo, akaenda zake. Tukiicheka, na inachekesha, tusisahau kwamba hiyo ndiyo ripoti pekee ya ukaguzi ambayo shule ile ilipata kwa muda mrefu. Afisa hakuja. Bibi alikuja. Kijiji kimeona walimu wakija na kuondoka, na mzee yule hana mahali pa kupeleka barua ya malalamiko, kwa hivyo anaacha alichonacho.

Kwa hivyo tunao walimu wawili. Mmoja ana cheti na cheo, anaogopa maswali, jioni utampata kwa Abdulla na chupa, na hakuna anayemgusa. Mwingine hana cheti, anataka watoto wajue dunia ni kubwa kuliko Ilmorog na kwamba watu weusi wana historia, na ndiye anayefukuzwa. Tena anayemfukuza ni yule wa kwanza. Siku hizi tunaliita jambo hili uwajibikaji wa mwalimu. Neno zuri, limetoka kwenye wajibu. Lakini sikiliza linavyotumika kwenye habari: kiongozi akisema fulani "atawajibishwa", unajua kuna mtu anaanza kufungasha vitu vyake. Na anayewajibishwa huwa ni wa chini, karibu kila mara.

Hapa ndipo nina ugomvi na Ngũgĩ mwenyewe. Amempa Munira wivu. Wivu ni sababu tamu kwa riwaya, unampa mhusika damu na usingizi mbovu, na mwishowe unampa kiberiti, maana Munira ndiye anayechoma nyumba ya Wanja. Lakini wivu unaifunika ofisi. Tukishajua kwamba Munira alimchongea Karega kwa sababu ya mwanamke, tunasema sawa, mtu mbaya amefanya ubaya, na tunasahau kwamba Mzigo hakuwa na wivu wowote na bado alikubali. Mzigo hakuhitaji sababu. Hakuna utaratibu uliomlazimisha kumwita UT mmoja kutoka kijiji cha mbali na kumuuliza: bwana, umesikia unayosemwa, wewe wasemaje? Riwaya inapita hapo haraka sana. Ningependa kurasa kumi za siku ile ofisini, faili ikisogezwa kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine, na chai ikipoa. Badala yake tunapewa mapenzi mlimani. Mapenzi yameandikwa vizuri, sikatai, lakini ofisi ndiyo iliyobaki nasi.

Dada yangu mkubwa alifundisha Kiswahili na CRE kwa miaka miwili katika shule ya kutwa ambayo sitaitaja. Alikuwa mwalimu wa BOM, yaani aliajiriwa na bodi ya shule, si na TSC, na mshahara wake ulitoka kwa pesa za wazazi, zikichelewa naye anachelewa. Anaye digrii. Ana nambari ya TSC. Katika mkutano mmoja wa walimu aliuliza pesa za masomo ya asubuhi zinaenda wapi. Swali moja tu, na kwa adabu, namjua dadangu. Mwisho wa muhula prinsipali alimwambia, "Madam, tutakuita." Hawakumwita. Hakuna barua, hakuna sababu, hata neno "kufutwa" halikutumika, kwa hivyo hata akienda kulalamika ataanza na nini? Baadaye alisikia kwa wenzake kwamba shida ilikuwa matokeo ya Form Three. Na matokeo yalikuwa mabaya kweli, yeye mwenyewe anakubali. Hilo ndilo linalofanya jambo hili liwe gumu kuliko linavyoonekana kwenye mabango ya maandamano. Sababu ya uwajibikaji huwa ipo, ukitafuta utaipata, kila mwalimu ana darasa moja lililoanguka. Swali ni imetolewa lini. Ikitolewa kabla, mwalimu ana nafasi ya kujitetea na kurekebisha. Ikitolewa baada ya yeye kuondoka, ni rangi ya kupaka ukuta.

Sheria inajua hivyo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa utendaji mbaya au utovu wa nidhamu amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama, na amsikilize kwanza. Kifungu cha 43 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha sababu yake. Ukikisoma kama msomaji wa riwaya, kifungu cha 41 ni lile tukio ambalo Ngũgĩ hakutupa: watu watatu chumbani, na mmoja wao anaruhusiwa kujibu. Lakini "tutakuita" haiko kwenye kifungu chochote. Ni sentensi ya wakati ujao ambayo kazi yake ni kufunga wakati uliopita, na sijui mwandishi gani wa Kiswahili angeibuni ikiwa ingekuwa haipo tayari.

Unaweza kuniambia, sawa, lakini Karega hakuwa na cheti, na dadako ni wa BOM, mambo ya vijijini hayo, mfumo umebadilika. Haya basi, tuje kwa intani. Mwaka 2023 TSC ilipeleka maelfu ya walimu kwenye shule za sekondari msingi, wale wa JSS, kama intani. Walikuwa wamesoma, wamesajiliwa, wanafundisha vipindi sawa na wenzao, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Tarehe 17 Aprili 2024, Mahakama ya Ajira jijini Nairobi iliamua kwamba haki zao za kazi zilikuwa zimekiukwa. Mwezi uliofuata wakagoma. Walibeba mabango, wengine wakabeba vyeti vyao vya digrii, na baadhi wakaandikiwa barua za kuwatoa kazini. Mwishowe serikali ikatenga pesa na karibu 46,000 wakapewa ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025, ile P&P ambayo mtu akiipata mtaani hata mama mboga anamuongeza kitunguu.

Ukiwa na mgomo huo akilini, rudi usome Ilmorog. Tulidhani Karega alikuwa rahisi kufutwa kwa sababu hakuwa na cheti. Intani walikuwa na vyeti vya kufunika ukuta na bado walikuwa rahisi kufutwa. Kwa hivyo cheti hakikuwa sababu, hata wakati ule. Kilichomfanya Karega awe mwepesi kuinuliwa na kutupwa ni namna alivyoajiriwa, na hilo linaweza kufanywa kwa mtu yeyote, hata profesa, kama tutakavyoona.

Lakini kwanza niseme jambo ambalo marafiki zangu walimu hawatalipenda. Katika shule niliyosomea kulikuwa na mwalimu aliyesumbua wasichana. Kila mtu alijua. Alihamishwa. Alikuwa P&P, na kumhamisha kulikuwa rahisi kuliko kumchukulia hatua, kwa hivyo wasichana wa shule nyingine wakapokezwa yeye. TSC ilitoa waraka nambari 3 mwaka 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono, na walimu wengi wamefutwa kwenye sajili tangu hapo, haki kabisa. Ninachosema ni kwamba kiti cha kudumu kinaweza kumlinda mtu mbaya kama kinavyomlinda mtu mwema, na riwaya ya Ngũgĩ inajua hivyo, ndiyo maana imemkalisha Munira hapo. Wanaosoma kitabu hiki kama wimbo wa kumsifu mwalimu wanahitaji kumtazama tena mwalimu aliye kwenye kurasa nyingi zaidi. Ni yeye. Anaishia mwuaji.

Nikiwa kwenye lawama, niongeze moja dhidi ya kitabu. Karega ni msafi mno. Hatumwoni akikosea darasani, hatumwoni akichapa mtoto kwa hasira au kupoteza daftari za watu. Mwandishi anampenda, na kwa sababu anampenda hatupi nafasi ya kujiuliza swali gumu: je, angekuwa mwalimu wa kawaida tu, mwenye siku mbovu na darasa moja lililoanguka, bado tungeona amedhulumiwa? Nadhani tungepaswa kuona. Dadangu si Karega. Ni mwalimu mzuri wa inshaa na mwalimu wa wastani wa sarufi.

TPAD ilipoletwa 2016, mfumo wa TSC wa kutathmini utendaji wa walimu, watetezi wake walisema itaondoa upendeleo. Mwalimu anajipima, mkubwa wake anampima, alama zinaingia kwenye mtandao. Walimu waliopo mashinani wanakwambia kuhusu foleni za saiba mwisho wa muhula na kuhusu ushahidi unaopakiwa kwa ajili ya ushahidi. Mimi nitasema jambo dogo la msomaji wa fasihi. Fomu ni aina ya uandishi, na kama kila aina ya uandishi ina msimulizi. Hapa msimulizi ni mkubwa wa mwalimu. Mtoto aliyeona petali za damu hana mahali pa kuandika. Bibi aliyekuja uwanjani hana nenosiri. Na Karega? Hana hata nambari ya TSC, angekuwa hayumo kwenye mfumo kabisa. Munira angekuwa na alama nzuri, na yeye ndiye angempima mwenzake.

Nilisema hata profesa. Petals of Blood ilizinduliwa Nairobi Julai 1977, na mgeni wa heshima alikuwa Mwai Kibaki, wakati huo waziri. Kabla mwaka kwisha, baada ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda kupigwa marufuku Kamĩrĩĩthũ, mwandishi akachukuliwa kwake usiku na kupelekwa Kamĩtĩ bila mashtaka. Alikuwa mkuu wa idara ya fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliachiliwa Desemba 1978, akarudi kudai kazi yake.

Kilichofuata kimo kwenye Detained, kitabu chake cha jela kilichotoka 1981, sehemu ya mwisho, ambayo wengi huiruka kwa sababu jela imeisha na inaonekana kama ni makaratasi tu. Ni makaratasi kweli. Anaandikia chuo, chuo kinajibu ama hakijibu, chama cha wafanyakazi wa chuo kinasukuma upande wake. Msimamo uliomfikia ni wa ajabu: kwamba kukamatwa kwake kulikuwa tendo la dola, na tendo hilo lenyewe lilikuwa limekata mkataba wake. Chuo hakikumfuta, kwa maana hiyo. Hakuna aliyemfuta. Kazi iliisha yenyewe tu, kama mvua. Hakuna aliyesema alifundisha vibaya, na hakuna aliyelazimika kusema.

Hapo ndipo nilipoona kile nilichokikosa kwenye riwaya. Huku hakuna Munira. Hakuna mwanamke, hakuna dada aliyekufa, hakuna wivu. Ni Mzigo mtupu, ofisi inayoongea kwa sauti yake, na ni baridi kuliko chochote Ngũgĩ alichobuni. Mwandishi alikuwa amemwandika UT anayepigwa kalamu kupitia ofisi, na muda mfupi baadaye yeye, profesa mshiriki, akawa kwenye upande huo huo wa meza. Sisemi alijitabiria; sipendi wahakiki wanaogeuza waandishi kuwa waganga. Alikuwa ameshawahi kujiuzulu chuo hicho hicho mwaka 1969 akilalamikia uhuru wa wasomi, kwa hivyo alijua ofisi zinavyofanya kazi. Ninachosema ni kwamba kurasa zile kumi nilizozililia ziliandikwa, ila ziliandikwa na watu wawili, mmoja akiwa msajili.

Hakurudishwa kazini. Mwaka 1980 chama kile cha wafanyakazi wa chuo kikapigwa marufuku. Mwaka 1982 Ngũgĩ akabaki ughaibuni, na wanafunzi waliomsikiliza akifundisha riwaya kwa miaka iliyofuata walikuwa wa Yale, wa New York, wa Irvine huko California. Petals of Blood haitwambii ni nani aliyeshika darasa la Karega asubuhi alipokosekana. Joseph, yule mtoto wa kwa Abdulla, tunamfuata hadi Siriana kwa sababu alikuwa na akili. Wale wengine waliokuwa wamekaa kwenye madawati wakingoja mwalimu, mmoja wao akiwa yule wa petali, hatuwaoni tena.